Mazoezi ya mtaani yenye nafasi ya mama mwenye mtoto mgongoni: mwongozo kwa waandaaji wa Moshi

Karibu kila kikundi cha mazoezi kinachoanzishwa Moshi hufika mahali kikauliza maswali yale yale. Mbona wenye watoto wadogo hawaji? Wakija nao, tuwaweke wapi? Mama anayenyonyesha afanye zoezi gani? Watoto wakianza kulia tuendelee au tusimame?

Angalia ratiba yenu kwanza. Kama mnakutana saa 11:30 alfajiri, mnakimbia barabarani kilomita nane na mnamwacha nyuma anayechoka, basi mmepanga kwa ajili ya mtu asiye na mtoto. Kuandika "familia zote mnakaribishwa" chini ya tangazo hakubadilishi kitu. Pangeni upya mkianza na mtoto mdogo kuliko wote atakayekuja: anaamka saa ngapi, anajisaidia wapi, anaweza kutokea geti gani. Mkishamjibu yeye, mtu mzima atapata nafasi yake ndani ya mpango huo. Mkianza na mtu mzima, mtoto atageuka mzigo, na mwenye mzigo hubaki nyumbani.

Mwongozo huu ni wa kipindi kimoja kwa wiki, dakika 75, familia 10 hadi 15 zenye watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 5. Msianze na familia 40.

Nadharia ni fupi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2019 kiwango cha watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji kujishughulisha kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, na akifika miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya aheme. Mtoto mchanga asiyetembea alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo. Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Piga hesabu uone: kipindi chenu cha Jumamosi hakiwezi kutimiza lolote kati ya hayo peke yake. Kazi yake hasa ni kuwapa wazazi michezo watakayoirudia uani siku sita zilizobaki. Kwa hiyo kifaa chochote ambacho mama hana nyumbani ni kifaa kibaya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chupa tupu za maji za lita 1.5, ishirini, zimejazwa mchanga theluthi moja ili zisiangushwe na upepo. Hizi ndizo alama za uwanja.
- Mipira 15 ya soksi au matambara, ukubwa wa chungwa kubwa. Mpira wa ngozi uacheni nyumbani, kwa sababu mkiuleta vijana watauchukua na kipindi kitageuka mechi.
- Kamba za katani mbili, mita 10 kila moja.
- Matairi manne ya gari dogo. Pitisha kiganja ukingo wote: waya ukichomoza, hilo halifai. Baada ya kipindi yawekwe ndani au yatobolewe chini, maana tairi lenye maji ya mvua ni kitalu cha mbu.
- Turubai moja la mita 4 kwa 4 na mikeka mitatu.
- Mabeseni mawili na shuka moja kubwa ya kitanda.
- Madumu manne ya lita 5 yenye mifuniko inayokaza.
- Benchi mbili, moja iwe na egemeo kwa ajili ya wanaonyonyesha.
- Kibuyu chirizi na sabuni, na maji ya kunywa yaliyochemshwa, lita 20.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza: glovu, gozi, bandeji, plasta, mkasi, sabuni ya kuoshea kidonda.
- Daftari, kalamu, na simu yenye salio.

Raba na traksuti haziko kwenye orodha kwa makusudi. Semeni wazi kwamba dera, gauni na khanga vinaruhusiwa, na hijabu bila shaka. Wapo wanaokosa kuja kwa sababu tu wanadhani lazima wavae kama walioko kwenye mabango ya mbio za Kilimanjaro.

Hatua ya 1: Pata uwanja wenye uzio, choo na kivuli

Uzio unatangulia kwa sababu mtoto wa miezi 18 hukimbia bila kutazama nyuma, na mitaa mingi ya Moshi ina mitaro ya wazi kandokando ya barabara. Uwanja mzuri wa mpira wa wazi una nafasi nyingi, lakini watu wazima watatu watashinda wakiwafukuzia watoto. Viwanja vya shule za msingi na chekechea, na maeneo ya makanisa yenye ukuta na geti, vinafaa kuliko huo. Mnahitaji kipande cha mita 20 kwa 30 tu.

Mkienda kukagua, nendeni na mtoto. Mwekeni chini mwangalie anaelekea wapi. Ndani ya dakika kumi atakuwa amewaonyesha tundu la uzio, bomba linalovuja, na shimo la taka.

Choo kiwe ndani ya mita 50, na mhakikishe kinafunguliwa Jumamosi. Shule nyingi hufunga vyoo mwisho wa wiki na mwenye ufunguo anakaa mbali. Tundu la choo cha shule ni pana kwa mtoto wa miaka 3 na humtisha, kwa hiyo leteni poti mbili.

Kivuli kipatikane kwa ajili ya turubai la wachanga, na kumbukeni kivuli hutembea: simameni hapo saa ile ile mtakayofanyia mazoezi. Chini ya mwembe wenye matunda au mparachichi siyo mahali pa kulaza mtoto, hata kama kivuli chake ni kizuri.

Angalieni pia njia ya kuingia. Kama kuna familia yenye mtoto wa kiti mwendo, geti dogo liwe na upana wa sentimita 90 na pasiwe na kizingiti. Kizingiti kimoja hutatuliwa na ubao mpana uliolazwa.

Hatua ya 2: Ruhusa

Andikeni barua moja kwa mwalimu mkuu au mwenye eneo, nakala kwa ofisi ya mtaa. Itaje siku, saa, idadi ya watu, nani atafagia, nani atalipa kikivunjika kitu. Mwenyekiti wa mtaa apelekewe kwa mkono na aelezwe kwa mdomo. Yeye ndiye atakayeulizwa na majirani wakisikia kelele, na akiwa hajui jibu, kipindi cha pili hakitakuwepo.

Hatua ya 3: Siku na saa

Jumamosi saa 2:30 hadi 3:45 asubuhi inafaa mara nyingi. Kabla ya hapo mama bado anafua na kuandaa uji. Baada ya saa 4:30 jua linachoma na mtoto anaanza kutafuta usingizi. Mtoto aliyechelewa usingizi haburudiki na mchezo wowote.

Ila kuna mambo ya kuangalia kwenye kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, msishindane nayo. Rukeni wiki hiyo au sogezeni alasiri. Wasabato hamtawaona Jumamosi kabisa, kwa hiyo kama mtaa wenu unao wengi, fikirieni Jumapili saa 10 jioni. Juni hadi Agosti asubuhi za Moshi ni za mawingu na manyunyu, na mama hamtoi mchanga kwenye ubaridi huo: anzeni saa 3:15. Masika, Machi hadi Mei, muwe na darasa au ukumbi wa akiba ulioombwa kwenye barua ile ile ya mwanzo. Mwezi wa Ramadhani punguzeni mzunguko wa wakubwa, watoto waendelee kama kawaida.

Hatua ya 4: Watu

Kwa familia 12 mnahitaji watu watano. Mmoja anaongoza wakubwa, wawili wako na watoto, mmoja analinda geti na daftari, na mmoja hana kazi maalumu. Huyu wa tano ndiye mtakayemshukuru. Ndiye anayempeleka mtoto chooni, anayeshika mchanga wa mama aliyetaka kujaribu zoezi, anayekimbilia sabuni.

Wasimamizi wa watoto si mbadala wa wazazi. Hesabu ya kufuata ni mtu mzima mmoja kwa wachanga watatu, mmoja kwa wanne wa mwaka 1 hadi 2, na mmoja kwa wanane wa miaka 3 hadi 5. Mtafikia hesabu hiyo kwa sababu nusu ya wazazi wanabaki na watoto wakati nusu nyingine inafanya mazoezi. Ikishindikana siku hiyo, futeni mzunguko wa wakubwa na wote wacheze na watoto. Msimamizi asimpeleke mtoto wa mtu chooni akiwa peke yake na mlango umefungwa. Mzazi aitwe, au waende watu wazima wawili.

Kati ya watano, mmoja angalau awe mwanamume. Sababu iko kwenye sehemu ya matatizo.

Hatua ya 5: Tangazo

Mabango hayasaidii sana. Mama mwenye mtoto wa miezi minane anapatikana kliniki siku ya mizani, kwenye jumuiya, msikitini, saluni na kwa muuza genge. Ongeeni na muuguzi wa kliniki na viongozi wa jumuiya, kisha toeni ujumbe mfupi unaojibu hofu zake. Kwa mfano:

"Jumamosi hii saa 2:30 asubuhi, uwanja wa shule, geti dogo. Mazoezi ya wazazi na watoto wa miaka 0–5. Njoo na mtoto, usitafute wa kumwachia. Vaa ulivyozoea. Kuna choo, maji, kivuli na mahali pa kunyonyeshea. Ukichelewa ingia tu. Mtoto akichoka mnaondoka, hakuna atakayeuliza."

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayoleta watu. Msiifute ili kuweka kauli mbiu.

Mchango utozwe kwa familia, si kwa kichwa. Ukitoza kwa kichwa, mwenye watoto watatu ndiye anayelipa zaidi, na ndiye mliyemtafuta. Kiasi kisizidi nauli ya daladala ya kwenda tu, na asiye nacho alete kuni za uji au afagie.

Hatua ya 6: Nusu saa kabla

Watu wanne wajipange mstari mmoja, hatua mbili kati yao, wapite uwanja wote polepole wakitazama chini. Mnatafuta vipande vya chupa, misumari, mbigili na kinyesi cha mbwa, na asubuhi baada ya mvua, siafu. Watoto wengi watacheza peku, kwa hiyo kazi hii hairukwi hata kama mlifagia jana.

Mistari ya uwanja msichore kwa chokaa. Vumbi lake huunguza macho, na mtoto wa mwaka mmoja atalichota. Tumieni kamba au pumba za mpunga, zinapatikana kwa wingi mashineni.

Ndoo za maji zifunikwe na ziwekwe juu ya meza. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya kimo cha kiganja, kwa sababu akitumbukia kichwa hana nguvu ya kujitoa.

Andikeni kwenye jalada la daftari: namba ya dereva wa bajaji aliye karibu, hospitali mtakayokimbilia (Mawenzi au KCMC, mchague iliyo karibu sasa, si wakati mtoto anavuja damu), 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Hatua ya 7: Kipindi, dakika kwa dakika

*Dakika 0–15, kuwasili.* Hakuna kusubiri. Mtoto akiingia getini anapewa mpira wa soksi mkononi kabla hata mama hajaandikishwa. Mtoto mwenye kitu mkononi haling'ang'anii gauni. Mlinzi wa geti anaandika jina la mtoto, umri kwa miezi, aliyemleta na namba yake, na jambo lolote la afya: pumu, kifafa, kinachomdhuru akila. Anayeondoka na mtoto ni yule aliyemleta tu. Mjomba aliyekuja kumchukua asubiri simu ipigwe, hata kama kila mtu anamjua.

Kila mama aulizwe kwa sauti ya chini, mbali na wengine, kama amejifungua karibuni. Aliye chini ya wiki 6, au aliyejifungua kwa upasuaji na hajaruhusiwa na daktari, atembee tu. Kukimbia na kuruka kusubiri angalau wiki 12. Na mkojo ukimtoka akiruka au akikohoa, hata mtoto akiwa na miaka minne, asiruke; ni ishara kwamba misuli ya chini ya nyonga imelegea, ina mazoezi yake, na aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi huona aibu kulisema, ndiyo maana mnauliza ninyi.

*Dakika 15–25, wote pamoja.* Duara moja. Tembeeni kama tembo, rukeni kama chura, nyemeleeni kama paka. Mwenye mchanga mgongoni anatembea tu. Kisha chezeni nyama nyama: kiongozi anataja mnyama, akiwa ni wa kuliwa mnaruka na kuitikia, asipokuwa wa kuliwa mnatulia. Badilisheni kanuni moja. Kwa kawaida anayekosea hutolewa, na anayekosea kwanza ni mtoto wa miaka 2, ambaye ndiye hasa mliyetaka asogeze mwili. Kwetu anayekosea anakimbia, anagusa ukuta, anarudi. (Nguruwe msimtaje. Mtaa wenye Waislamu na Wakristo utapoteza dakika tano kwenye mjadala.)

*Dakika 25–40, kundi A la wazazi wafanye mazoezi, kundi B wabaki na watoto.* Vituo vitano, dakika 2 kila kimoja, nusu dakika ya kuhama. Muda unaobaki ni wa kuelekeza.

Kituo cha 1: kukaa na kusimama kwenye benchi, mikono imekunjwa kifuani. Kituo cha 2: kusukuma ukuta, miguu hatua moja nyuma, mwili umenyooka. Kituo cha 3: kupanda na kushuka ngazi ya sentimita 15 hadi 20, katikati mbadilishe mguu unaotangulia. Kituo cha 4: kubeba madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa, mita 20 kwenda na kurudi, ni kilo 5 kila mkono, mabega yasiinuliwe. Kituo cha 5: kulala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, kuinua nyonga, kisha kukaza misuli kama anayezuia mkojo kwa hesabu ya tano na kuachia, mara nane. Kituo hiki kipewe mgongo wa ukuta, si cha kutazamwa kutoka barabarani.

Aliyebeba mtoto kwa mbeleko anaruhusiwa kituo cha 1, 2 na 3 polepole, mradi mtoto amekwisha kukaza shingo. Kukimbia, kuruka au kuinama mbele na mtoto mgongoni hapana: kichwa chake kinatikisika na mama hakioni. Kama anataka kwenda kasi, mchanga aende kwa mtu wa tano.

Wakati huo watoto wako kwenye kona tatu.

Turubai ni la wachanga. Walale kifudifudi, mtu mzima aketi chini uso kwa uso naye, dakika tatu hadi tano, kisha apumzike chali au abebwe. Kosa la kawaida ni kumkalisha mchanga kwenye beseni na mito muda wote eti ametulia. Kutulia si mazoezi.

Wa mwaka 1 hadi 2 wapeni kazi ya kuhamisha. Beseni moja hapa lenye mipira, jingine mita tano mbele, tupu. Mtoto anachukua mpira, anaenda, anatumbukiza, anarudi. Hana haja ya kuelezwa, hana haja ya kushindana, na atafanya hivyo dakika kumi bila kuchoka. Njiani wekeni tairi la kupanda na kushuka. Mkihesabu safari zake mtashangaa.

Wa miaka 3 hadi 5 wacheze rede kwa mpira wa soksi, kulenga chini ya kiuno, au "kuruka mto": kamba mbili chini zinazoanza sentimita 20 na kupanuliwa taratibu, kila mmoja achague sehemu yake ya kuruka. Kombolela msicheze. Mtoto wa miaka 3 akijificha vizuri, mtakaohangaika ni ninyi.

Mtoto asiyeona apewe chupa ndogo yenye punje za mahindi ndani, kifuniko kimegundishwa, aifuate kwa sauti. Wa kiti mwendo ndiye mlengaji kwenye rede, na kwenye mto kamba hupita chini yake huku anasukumwa kwa kasi. Msimfanye mwamuzi. Kumpa filimbi ni njia ya adabu ya kumweka pembeni.

*Dakika 40–45, maji na kuhesabu.* Hesabuni vichwa kwa daftari. Mara ya kwanza ni mwisho wa kuwasili, hii ni ya pili, ya tatu ni kabla ya kuaga. Makundi yakibadilishana ndipo watoto hupotea, maana kila mzazi anadhani mwenzake ameshachukua zamu.

*Dakika 45–60, kundi B zamu yao.*

*Dakika 60–75, shuka na kuaga.* Wazazi washike shuka pande zote, watoto watupie mipira juu yake, muirushe. Watu wazima huhema kwenye zoezi hili kuliko kwenye vituo, ingawa hawatakiri. Kisha kunawa, uji au ndizi mbivu. Karanga, bisi na pipi ngumu zisije kabisa. Mtoto wa chini ya miaka 5 anapaliwa nazo kirahisi, hasa akiwa bado anahema. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja.

Kabla ya geti kufunguliwa, kila mzazi atajiwe mchezo mmoja wa wiki na aoneshwe kwa vitu vya nyumbani. Mmoja tu. Wiki ijayo waulizeni umeendaje.

Hatua ya 8: Picha

Msipige picha za watoto na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp bila ruhusa ya mzazi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, kuna mama asiyetaka fulani ajue Jumamosi yuko wapi. Mkitaka picha, pigeni mikono juu ya shuka.

Mambo yakienda kombo

*Watu wamekuja watatu.* Fanyeni kipindi chote kama kawaida. Kisha pigeni simu kwa waliosema watakuja na muulize swali moja: nini kilikuzuia asubuhi ile? Wakijibu "nilichelewa nikaona aibu", tatizo ni mlango, mwambieni mlinzi wa geti asiseme neno "umechelewa". Wakijibu nauli, tafuteni uwanja wa karibu na kwao.

*Mtoto analia mama akiwa kituoni.* Aende kwa mama, papo hapo. Mama aendelee na kituo cha 1 akiwa amempakata, uzito umeongezeka, hakuna kilichoharibika. Msimbembeleze mbele ya mama kwa dakika tano. Kilio cha mmoja huamsha cha wanne.

*Akina baba wanaleta familia na kubaki getini na simu.* Kumwambia "karibu ujiunge" hakusaidii, hajui ataingilia wapi. Mwanaume mmoja wa timu amwite kwa kazi: "Baba Neema, hebu nishikie kamba hii." Akishaishika, mtoto wake ataruka, na hatarudi getini. Wiki ya pili mpeni madumu.

*Watoto wakubwa wa miaka 8 hadi 12 wamevamia.* Ni dada na kaka walioachiwa wadogo zao, msiwafukuze. Wapeni beseni na kamba wasimamie pamoja na mtu mzima, lakini msiwahesabu kama wasimamizi. Robo saa ya mwisho wapewe mpira wao upande wa pili wa uwanja.

*Kelele za spika zinaamsha wachanga.* Zimeni spika. Ngoma ndogo au kupiga makofi kunatosha, na filimbi ibaki mfukoni kwa dharura tu, ili ikilia kila mtu ajue ni kusimama.

*Mvua imeanza saa 12 asubuhi.* Ujumbe utoke kabla ya 12:45, useme darasani au hakuna. Darasani fanyeni nyama nyama, kuhamisha mipira, kituo cha 1, 2 na 5. Dakika 45 zinatosha.

*Mwezi wa kwanza walijaa, wa tatu wamebaki watano.* Mara nyingi kiongozi amepandisha kiwango kwa ajili ya wale watatu wenye bidii, vituo vimekuwa saba na kuna mtu anahesabu kwa ukali. Rudisheni vituo vitano. Wenye bidii wapewe madumu ya lita 10.

*Desemba.* Wenyeji wa mjini wanapanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, wageni wanashuka kutoka Dar, na daftari lenu linakuwa na majina usiyoyajua. Kuanzia katikati ya mwezi fungueni kipindi kwa yeyote, lakini kila mgeni aandikwe upya getini na namba ya simu ipigwe papo hapo kuona kama inaita. Hesabu ya vichwa ifanywe mara nne badala ya tatu. Turubai la pili liazimwe mapema, maana wiki hizo kila mtu mjini anatafuta maturubai ya sherehe.